Wimbo wa Waliokuja Peke Yao

Fundi wa muziki husifiwa mikono. Huyu ninayemkumbuka alisifiwa masikio. Mikono yake ilikuwa mizito, na sahani zangu mbili za udongo ziliisha humo, lakini masikio yake yalisikia spika ikiugua kabla haijakoroma. Alikuwa akipita barabarani Ujiji, anasimama nje ya duka lenye redio, anainamisha kichwa kidogo, halafu anamwambia mwenye duka, "Ndugu, ile redio yako iko na homa." Keshokutwa redio imekufa. Wapo waliomwogopa kwa hilo, wakadhani ndiye anayeziroga.

Tulimwita Fundi. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi cherehani, fundi baiskeli na fundi wa kuziba sufuria, na kila mmoja aliongezewa kazi yake au jina lake ili asichanganywe na mwenziwe. Fundi tupu, bila nyongeza, alikuwa yeye. Alipanga chumba cha uani nyuma ya nyumba yetu, ukuta wake ukiegemea jiko langu, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia hapa sikuyatafuta. Yalinifuata nikiwa napika. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi, mume wangu alikuwa mtu wa reli, na Fundi alituita Mama Mwalimu na Mzee wa Reli tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Alifika miaka ile ya wakimbizi, maboti yalipokuwa yakivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo na kushusha watu ufukweni Kibirizi mchana kutwa. Watu walishuka na magodoro, na kuku, na vyerehani, na watoto waliofungwa kwenye vitenge. Yeye alishuka na spika. Spika yenye kimo cha mbuzi, amplifaya iliyoviringishwa kwenye blanketi, na kanda chache ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alitusimulia kwamba katikati ya ziwa upepo ulichafuka na nahodha akaamuru vitu vizito vitupwe majini. Fundi akatupa sanduku lake la nguo. Nahodha akasema, siyo hicho, kizito ni kile pale. Fundi akaenda akakalia spika.

"Nilimwambia, hii ukiitupa utatutupa batu babili," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kongo kinachowaita watu batu. "Akaniangalia, akaona niko na akili timamu, akaniacha."

Kwa hiyo aliingia Tanzania na shati moja mwilini na mitambo kamili. Mkewe alibaki ng'ambo. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, boti ilikuwa imejaa, na mke akamwambia mumewe atangulie na mitambo, yeye angekuja na mama kwa boti ya kesho. Boti ya kesho haikuja. Ya keshokutwa ilikuja, na nyingine nyingi baada yake, lakini yeye hakuwamo. Kambini aliulizia, hakuonekana. Fundi hakulia mbele yetu wala hakukonda. Jambo moja tu alilikataa kabisa, nalo ni kusema kwamba yuko peke yake. Wanawake wa mtaa, ambao hawawezi kuona mwanamume akijifulia shati wakanyamaza, walimuuliza kila siku kwa namna mpya.

"Fundi, ulikuja peke yako?"

"Hapana. Nilitangulia."

Na alisema hivyo kwa uso mkunjufu, akaendelea kusugua kola.

Sasa nieleze mambo ya harusi, kwa sababu bila harusi huyu mtu hasimuliki. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa ya mtu, na wavuvi hukaa nyumbani mpaka giza lirudi. Siku hizo za mwezi ndizo siku za harusi pwani yote hii, maana ndipo wanaume wanapopatikana mchana wakiwa macho. Kwa hiyo kazi ya Fundi ilifuata mwezi. Giza likiwa kubwa alikuwa hana kazi, anachokonoa redio za watu. Mwezi ukianza kunenepa, mkokoteni ulikuja kuchukua spika, betri ya gari na amplifaya, leo Ujiji, kesho Mwandiga, keshokutwa kwa boti mpaka Ilagala, na yeye alitembea nyuma ya mkokoteni mkono juu ya spika, akiishika vilevile kama mtu anayempeleka mzazi wake hospitali.

Alipiga kwa Waislamu na kwa Wakristo, na aliwajua wote. Adhana ilipokaribia alizima muziki kabla mtu hajamwambia. Watawa walipokuja harusini alikuwa na kanda zao. Alijua wimbo gani huwainua akina mama wa Kiha waliokaa kimya tangu asubuhi, na upi huwatuliza vijana wa boti kabla hawajaanza kusukumana.

Miongoni mwa kanda zake kulikuwa na moja aliyoiweka mwisho wa kopo, imefungwa kwa kitambaa. Karatasi ya kasha ilikuwa imefifia, wakabaki vijana wanne wa Ulaya, wembamba, wamevaa makoti makubwa kuliko wao, nywele zimesimama kama waliotoka kuamshwa. Majina yao yalishafutika. Wimbo wenyewe ulikuwa na ngoma kavu za haraka, gitaa linalokatakata, kinanda cha umeme kinacholia juu kwa juu, na kijana anayeimba kwa sauti ya pua kama aliyenyimwa kitu. Lakini ulichezeka. Ukipigwa, goti lako lilikuwa limeshaanza kabla hujaliruhusu. Fundi na mkewe waliupata ng'ambo enzi wimbo huo ulipokuwa ukivuma dunia nzima, kwenye klabu ya wafanyakazi, wakaucheza miaka yote ya ndoa yao. Hawakujua Kiingereza hata neno moja.

Harusi yake ya kwanza kubwa Ujiji ilikuwa ya binti wa mwenye maboti. Fundi alitaka kuwaonyesha wenyeji kwamba aliyefika si mtu wa hivihivi. Bibi harusi alipotokea mlangoni na wapambe wake, akamfungulia wimbo wake bora kuliko zote. Wapambe wakaingia wanayumba, bibi harusi mwenyewe akasahau kuinamisha macho, vigelegele vikapanda. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa ameketi karibu nami, akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu mzungu anasema nini?"

Mtu mwingine angejibu kwamba anasifu mapenzi. Mimi nina ugonjwa wa walimu, sentensi ikipita mbele yangu siwezi kuiacha bila tafsiri. Nikamwambia kwamba kijana anarudi nyumbani jioni, madirisha ya watu wote yana taa, lake lina giza. Hakuna anayelijua jina lake mtaa mzima. Anachemsha chai, anamimina vikombe viwili kwa mazoea, na cha pili kinapoa mezani bila mnywaji.

Shangazi akasimama. "Zima," akasema.

Muziki ukazimwa, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi wa maturubai na mguu mmoja mbele. Fundi akaitwa mbele ya wazee. Kumwingiza bibi harusi kwa wimbo wa mpweke, walisema, ni kumwombea ujane, na jambo hilo lina faini. Mmoja alitaja mbuzi. Mwingine akasema watu hawa tumewapokea, na sasa wanatuletea mikosi kwenye ndoa zetu. Hapo palikuwa pabaya, kwa sababu miaka ile kuni zilikuwa zimepanda bei, unga umepanda, na maneno ya namna hiyo yalikuwa yanatafuta pa kutokea. Nikaona nimelikoroga.

Fundi alitazama huku na huku. Nje ya ua wa matete walikuwa wamesimama watu, kama harusi zote zinavyokuwa na watazamaji wa nje: wakimbizi waliopewa hifadhi mitaani, vibarua wa bandarini, wajane, wavuvi wageni, watu wasio na mwaliko wala wa kwenda naye. Walikuwa wanachungulia juu ya matete, vichwa tu.

"Wazee wangu," Fundi akasema, "hamkunielewa. Ile wimbo haiko ya bibi harusi. Ni kosa ya mkono wangu, ilitangulia kutoka. Ile wimbo iko ya bale batu balikuya peke yabo. Kwetu ikipigwa, mwenye kuwa na mwenzake anakaa. Mwenye alikuya peke yake anasimama, anacheza."

Desturi hiyo haikuwapo kwao wala popote. Aliitunga palepale, jasho likimtoka. Lakini wazee wetu wana adabu kwa desturi ya mtu, hata ya uongo, na mwenye maboti, ambaye alikuwa na haraka ya kumwoza binti yake, akasema basi, kama ni desturi, tuione. Bibi harusi akaingizwa upya kwa wimbo mwingine. Baadaye, watu walipokwisha kula mara ya kwanza, Fundi akaufungua ule wa Kizungu, akashika kipaza sauti na kueleza tena. Wenye wenzao wakakaa. Kati ya waalikwa akasimama mjane mmoja, na karani mmoja mseja, na bibi kizee ambaye nadhani alisimama kwa ajili ya mgongo. Kisha ua wa matete ukatikisika na wale wa nje wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakifuta miguu kama wanaingia nyumbani kwa mtu. Wakacheza. Kila mtu mahali pake, hakuna kushikana, na kwa hilo hata katekista na mwalimu wa madrasa hawakuwa na neno.

Wimbo ulipokwisha, walikuwa ndani. Sasa utamtoaje mtu aliyecheza kwenye harusi yako bila kumpa chakula? Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema sisi wenyewe. Wakapewa. Pilau haikutosha, wapishi wakanung'unika wakasonga ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na harusi iliyofuata wapishi wenyewe ndio waliosema liongezwe sufuria moja. Likaitwa sufuria la wimbo. Miaka mingi baadaye mabinti wa Ujiji waliopanga bajeti za harusi zao walikuwa bado wanalihesabia mchele wake, wala hawajui lilianzaje.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuja jikoni kwangu, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama Mwalimu, uniambie tena. Yote. Polepole."

Nikamtafsiria, mstari kwa mstari, mpaka kikombe cha pili.

"Mie na muke yangu tulikuwa tunachezaka hii wimbo," akasema. "Tulikuwa tunacheka. Kumbe mwenzetu alikuwa analia. Haizuru. Alilia vizuri."

Kisha akaniomba chumvi, akaenda zake.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Riziki yake ilikuwa kelele na nyumbani alipenda kimya kuliko mgonjwa. Nikitwanga sombe, majani ya muhogo, alitoa kichwa mlangoni akaniuliza kama haliwezi kutwangwa kwa upole. Hakuimba kamwe, hata akioga. Aliwaonya vijana wasimfungulie mtu muziki asubuhi, kwa sababu asubuhi, alisema, sikio bado limelala ingawa mwenyewe ameamka. Hakunywa pombe, lakini alijua kwa kusikia tu harusi imefikia chupa ya ngapi. Na hakuwapenda dagaa. Alisema wanamtazama. Hata hivyo kila boti ya ng'ambo ilipotia nanga Kibirizi, Fundi alikuwepo, na alirudi na dagaa. "Nilikwenda kununua dagaa," alisema bila kuulizwa. Kisha aliwagawa, bakuli kwetu, bakuli kwa fundi cherehani, bakuli kwa mama mwenye kilabu cha pombe. Mtaa mzima tulikula dagaa wa Fundi miaka na miaka, na mtaa mzima tulijua alichokwenda kutazama kule, na hakuna aliyemwambia. Mama mwenye kilabu peke yake alisema siku moja, akichambua vichwa, "Mficha maradhi kilio kitamuumbua." Mume wangu akamjibu kwamba dagaa ni watamu, ale.

Harusini Fundi hakucheza wimbo wake, wala hakukaa. Desturi aliyoitunga haikuwa na mahali pake. Wenye wenzao walikaa, waliokuja peke yao walisimama, na yeye alibaki nyuma ya amplifaya, kainama, anagusagusa vifungo ambavyo havikuhitaji kuguswa. Wajane wawili watatu walimwita kwa mkono. Aliwaonyesha waya, maana yake niko kazini. Mimi nilimtazama kila mara kutoka kwenye kiti changu, kwa sababu mimi nilikuwa wa kukaa. Mume wangu alikuwa akikunja nne, anaweka kofia yake ya reli juu ya goti, ananitazama kwa majivuno kama vile kuwa na mke ni kazi ngumu aliyoimaliza. Nilimcheka, lakini nilikuwa nakaa vizuri.

Desturi ya uongo ikishapata watu, inaota matawi. Mwaka haukupita kabla wanawake hawajagundua kwamba kusimama ni silaha. Mke wa muuza mawese wa mtaa wa Mwanga ndiye aliyeanza. Mumewe alikuwa amehamishia mapenzi yake kwenye pikipiki. Siku ya harusi ya jirani, wimbo ulipopigwa, mke akainuka taratibu, mume akiwa palepale pembeni yake na soda mkononi, akaenda kucheza na waliokuja peke yao, macho yake mbele. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama yule bwana. Wiki iliyofuata pikipiki ilikuwa inambeba mkewe kwenda sokoni na kurudi. Tangu hapo neno likaingia majumbani. Mwanamke akichoka na mumewe hakugombana, alisema tu, "Angalia, nisije nikasimama." Mimi mwenyewe nililitumia mara moja, kuhusu paa lililovuja, na mume wangu alipanda juu siku hiyohiyo na kofia yake.

Na kukaa nako kukawa habari. Kulikuwa na seremala kutoka Burundi na mjane Muha wa Kidahwe, ambao walisimama harusi baada ya harusi, yeye kona ile, mama kona hii. Siku moja huko Mwandiga wimbo ulifunguliwa, na wote wawili wakabaki kwenye viti, mbalimbali, wanatazama chini. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka wimbo haukusikika. Uchumba ukawa umetangazwa. Tangu siku hiyo mtu aliyezoea kusimama akikaa, watu walimtafuta kwa macho aliyekaa mwenzake. Fundi aliyaona yote haya kutoka nyuma ya mitambo yake na kucheka kwa mabega. Niliwahi kumwambia kwamba amewaoza wengi kuliko padri.

"Mie?" akasema. "Ni yule kijana mwenye nywele. Mie ninashika waya tu."

Kanda ikazeeka. Joto la Kigoma na betri mbovu viliila, na siku moja huko Ilagala ikakatika katikati ya wimbo, watu wakiwa wamesimama. Fundi aliomba rangi ya kucha kwa wapambe, akakata kipande kilichosagika, akaunganisha ncha kwa ile rangi nyekundu, akaipuliza ikakauka, akaendelea. Lakini kipande kilichoondoka ndicho chenye habari ya chai. Wimbo ulipofika pale uliruka, ngoma zikapiga teke, na kijana akajikuta amefika kiitikio bila kumimina kitu. Wachezaji waliyumba mara ya kwanza. Mara ya pili waliruka pamoja na wimbo, kwa miguu yote miwili, kuokoa heshima. Mara ya tatu ilikuwa ndiyo mtindo wenyewe. Watoto waliozaliwa baadaye walifundishwa kuruka hapo kama sehemu ya wimbo, na anayeruka kwa wakati alijulikana ni mtu wa pwani hii. Mimi pekee nilijua wanaruka juu ya nini. Nilimuuliza Fundi kama alikichagua kipande hicho. Akasema kanda hukatika inapotaka, lakini alisema huku akitazama kwingine.

Miaka ikaenda. Baadhi ya wakimbizi walirudi makwao, wengine walipelekwa mbali, wengine walizama humuhumu mpaka leo huwezi kuwatofautisha nasi. Zikaja simu na kompyuta, na vijana wenye masanduku ya muziki yanayowaka taa. Mguu wa Fundi ukaharibika, akashindwa kutembea nyuma ya mkokoteni, na yule seremala na mkewe wa Kidahwe, ambao walikuwa wamehamia Ilagala kutengeneza maboti, wakaja wakamchukua aishi nao. Alikwenda na spika, ingawa ilikuwa imekwisha koroma ya mwisho. Aliikalia.

Mimi nikastaafu. Kisha nikamzika mume wangu.

Baada ya hapo nilikwepa harusi. Nilisingizia magoti, nilisingizia safari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nauogopa ule wimbo. Maisha yangu yote ulinikuta nimekaa, na kofia ya reli iko pembeni yangu juu ya goti la mtu, na sikujua nitafanyaje siku utakaponikuta kiti cha pembeni ni kitupu. Kubaki nimekaa ni uongo. Kusimama sikuweza.

Lakini binti wa seremala alipoolewa, harusi ikiwa Mwandiga, mama yake alinijia mwenyewe nyumbani, na huyo huwezi kumsingizia magoti. Nikaenda. Wakanipa kiti mbele, na kwenye kiti cha jirani alikuwa ameketi Fundi, fimbo kati ya magoti, amekonda, suti imempwaya, masikio yaleyale.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Mwalimu. Nilisikia habari ya Mzee wa Reli. Mguu haukunileta. Pole sana."

Nikamwambia nimeshapoa, naye akaitikia kwa kichwa, akaniachia uongo wangu. Tukatazama kijana wa muziki akihangaika na nyaya zake. Fundi akaguna kwamba spika ya kushoto ina homa. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Yeye naye ameonekana. Yuko mzima."

Sikuuliza nani. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa akimtazamia Kibirizi miaka yote ile.

Akanisimulia kwa utaratibu. Mvuvi mmoja wa Ilagala alikwenda ng'ambo kuuza nyavu. Alikuwa anapita sokoni anapiga mluzi, wimbo wetu, na alipofika pale pa kuruka akaruka kwa mazoea, na mzigo begani. Mama mmoja muuza chumvi akamshika mkono. Akamuuliza wimbo huo ameutoa wapi, na mbona ameukata. Mvuvi akamwambia kwao ndivyo ulivyo, una Fundi wake, mzee mmoja aliyekuja na spika.

"Akakaa chini katika chumvi yake," Fundi akasema. "Ile siku ya upepo walimwambia boti yetu ilizama. Aliniwekea matanga, Mama Mwalimu. Watu walikula nyama ya mbuzi ya matanga yangu. Baadaye akaolewa. Iko na wajukuu saba, mmoja anapiga gitaa."

"Na sasa?"

"Nilimtumia salamu. Nilisema asisumbuke, mie niko vizuri, na anisalimie yule bwana yake. Naye akanitumia salamu." Akazungusha fimbo yake. "Na dagaa. Kapu nzima."

"Nawe huwapendi."

"Hawa nimekula," akasema. "Wote. Hata vichwa."

Alisema hivyo na uso ule mkunjufu wa zamani, wa kusugua kola, lakini macho yalikuwa yamelowa, na yangu pia. Hapo ndipo kijana wa muziki alipotangaza wimbo wa waliokuja peke yao. Viti vikakwaruza. Wenye wenzao wakakaa, wengine wakaanza kuinuka, na kutoka nje ya uzio wa mabati wakaingia watazamaji, wakifuta miguu. Kijana aliutoa wimbo kwenye simu, safi, mzima, bila mkwaruzo. Nikabaki nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Fundi alikita fimbo, akasimama. Ilimchukua muda. Watu waliomjua wakamgeukia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mbele ya mitambo.

"Basi, Mama Mwalimu," akasema, si kwa kunong'ona, "mie sikutangulia. Nilikuya peke yangu."

Akaninyooshea mkono, kisha akakumbuka desturi yake mwenyewe kwamba hakuna kushikana, akaurudisha kwenye fimbo na kunisubiri tu. Nikaweka mkoba kwenye kiti, nikasimama. Nililia kidogo, nikacheza. Magoti ambayo nilikuwa nayasingizia yalianza yenyewe. Pembeni yetu mama mwenye kilabu, mzee sasa kuliko sote, alikuwa anacheza na kucheka bila meno.

Kijana wa Ulaya aliimba jioni yake, na madirisha yake, na mtaa usiomjua. Ubeti ukakaribia mwisho. Fundi akanisogelea, sikio moja juu.

"Hii ya simu haikukatika," akasema. "Chai inakuja?"

"Inakuja sasa hivi."

"Basi turuke."

Tukaruka, na harusi nzima ikaruka, wakubwa kwa wadogo, mahali ambapo wimbo wenyewe hauruki tena. Fundi akashukia mguu mbovu, akayumba, akasimama imara. Kule kwenye spika yenye homa vikombe viwili vilikuwa vinamiminwa, kwa Kiingereza safi, na mimi kwa mara ya kwanza maishani niliiacha sentensi ipite.